Chupa Yenye Utepe wa Pinki

Jumapili, 3 Machi
Nimefuzu! Wa tatu mbio za mchujo za marathoni, naenda Olimpiki! Marisol wa nne, hatua chache tu nyuma yangu. Wanachukua watatu. Miaka yote hii tunafanya mazoezi pamoja, halafu hivi. Alinikumbatia. "Hongera, shoga yangu. Angalau mmoja wetu kapenya." Nilishindwa kumtazama usoni.

Jumatatu, 4 Machi
Tumerudi nyumbani Flagstaff. Theluji bado iko chini ya misonobari. Kocha Lindqvist kapiga simu, furaha tele. Nikakata haraka.

Acha niandike yaliyotokea. Jioni kabla ya mbio tulikaa sakafuni hotelini tukipamba chupa zetu za kinywaji cha mbioni, kila mtu alama yake — ukipita kwenye meza za vinywaji njiani kwa kasi ile, nani asome majina? Yangu maua ya njano. Ya Marisol utepe wa pinki wa nywele za bintiye, Odelia. Meza ya mwisho, yangu sikuiona. Labda iliangushwa. Nikanyakua iliyo karibu, nikapiga funda, ndipo nikauona utepe. Na yeye nyuma yangu analia, "Chupa yangu! Chupa yangu iko wapi?"

Ningenyoosha mkono tu nimpe. Mazoezini tunapeana kila siku! Nikainywa yote, nikaitupa nje ya uzio.

Aibu gani hii.

Jumatano, 6 Machi
Tumekimbia pole pole msituni. Anasema mwishoni aliishiwa kabisa, miguu ikawa kama ya kuazima. "Wale watu wa mezani waliopoteza chupa yangu! Ningewajua ningewachapa makofi!" Akacheka. Nikacheka na mimi. Mnafiki mkubwa!

"Mbona umepoa, mwakilishi wa taifa?"

Nikasingizia baridi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemwandikia Marisol ujumbe, nimefuta. Nikaandika tena, nikafuta. Nikijitoa, nafasi ni yake, yeye ndiye wa akiba. Nilikuwa najidanganya eti naogopa atanichukia. Uongo. Naitaka Olimpiki. Basi.

Jumamosi, 9 Machi
Naandika kwenye simu, nimejifungia chooni nyumbani kwa Marisol. Kanifanyia karamu — mimi! Enchilada, zile chapati za mahindi za kuviringwa, na pilipili ya kijani, keki yenye jina langu. Kisha zawadi: picha kubwa ndani ya fremu. Mama yake aliipiga pembeni mwa barabara, akaichagua kwa sababu tumo wote wawili. Mimi na chupa mdomoni. Marisol nyuma yangu, mikono mitupu. Utepe unaonekana wazi kabisa!

Marisol mwenyewe hakuiangalia, alikuwa anakimbilia jikoni. Nikasema nabanwa na haja.

Nasikia sauti ya Odelia sebuleni. "Mama, mbona Corinne anakunywa ya kwako?"

Nasikia fremu ikinyanyuliwa.

Sasa hatua za Marisol. Anagonga mlango.

"Corinne. Toka tukate keki."

Sauti ya kawaida, ya upole. Afadhali angepiga kelele! Nikimaliza sentensi hii nafungua. Anagonga tena, na mimi bado naandika —