Kadi ya Meneja Iliyoshonwa kwa Cherehani

Chumba cha cherehani,
nyuma ya duka la rangi,
Jumapili, tarehe 15, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako. Natumai barua hii inakukuta mzima, umeshiba na umepumzika. Kile kikohozi kimekwisha? Na wifi yangu, mgongo umemwachia? Sisi hatujambo. Goti la Mama linamsumbua akipanda ngazi, ila mdomo hauna ugonjwa, anatugombeza kama kawaida.

Mpwa wako yuko darasa la pili. Meno mawili ya mbele yamemtoka, na anajivunia pengo lake kama mtu aliyenunua gari. Shemeji yako ana oda ya mashati arobaini ya wanafunzi. Nyumba nzima ni nyuzi tupu. Juzi nimekuta kifungo kwenye chai.

Sasa nije kwa mbwa wako, Meneja, uliyetuachia kwa miezi mitatu na huu ni mwaka wa nne. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujashika simu.

Mwishoni mwa mwezi wa nne mteja mmoja aliacha geti wazi. Mbwa mgeni alikuwa anapita mtaani, mate yanamtoka, anauma kila anachokutana nacho. Meneja, kwa kuwa ni Meneja, akatoka kwenda kumuuliza ana shida gani. Alirudi sikio linavuja damu, tukamfunga kamba palepale. Yule mgeni aliuawa siku hiyohiyo, na vipimo vikaonyesha kichaa cha mbwa.

Siku ya tatu daktari wa mifugo akaja, mama mmoja mpole mwenye buti za mpira. Alipita nyumba kwa nyumba na masharti mawili tu. Mbwa aliyeumwa akiwa na kadi ya chanjo, anachomwa sindano nyingine na kufungwa siku arobaini na tano akiangaliwa. Asiye na kadi anauawa. Daftari la kliniki lisingetusaidia, maana siku za chanjo wanaandika idadi ya mbwa, si majina yao. Akatupa mpaka saa kumi jioni.

Nikafungua droo ya kabati. Kadi haipo.

Shemeji yako alikauka mate kabla hata sijamuuliza. Unamjua: karatasi ngumu haimalizi wiki ndani ya nyumba hii. Kadi za harusi, kalenda, maboksi ya biskuti, vyote anavikata vipande vya kupimia mifuko na kola. Hata cheti chake mwenyewe cha ufundi nilikiokoa mkasi ukiwa umeshamega pembe moja.

Vipande vyenyewe ni kama mia mbili, ametunga kwenye waya ukutani. Tukavimwaga vyote sakafuni. Mpwa wako alikaa dirishani akimwangalia Meneja kwenye kamba, machozi yanashuka bila sauti. Mama akavaa miwani, akaketi chini na goti lake hilohilo, akawa anasoma kipande kimoja kimoja kama hakimu. Saa tisa na nusu akainua mfuko wa shati wenye nusu ya muhuri. Muda si muda tukapata kola yenye jina la Meneja. Kipande cha mwisho, chenye tarehe, kilikuwa kimekunjwa chini ya mguu wa cherehani ili isiyumbe.

Shemeji yako akaketi kwenye cherehani. Aliviunganisha kwa mshono wa zigizaga, kwa uzi mweupe wa sare, akampelekea daktari mkononi. Daktari aliigeuzageuza ile kadi.

"Nimeshaona iliyoliwa na panya," akasema, "na nimeshaona iliyofuliwa. Iliyoshonwa ndiyo hii ya kwanza."

Akapiga muhuri kando ya mshono na kufungua kisanduku cha sindano. Jana siku zilitimia. Meneja amefunguliwa, mzima wa afya, na leo amekagua uwanja wote mara tatu.

Jirani yetu seremala hakubahatika. Mbwa wake, aliyeumwa pia, hakuwa na kadi, na yeye mwenyewe alikuwa amelambwa kwenye kidonda cha patasi, kwa hiyo mpaka sindano zake zilipokwisha hospitali ilikuwa njia yake. Shemeji yako, mkono wa birika kama unavyomjua, hupima bei zote kwa suruali. Chanjo ya mbwa kwa mwaka ni sawa na kupunguza suruali mbili, na kila mwaka alikuwa anazililia suruali hizo. Matibabu ya seremala, amepiga hesabu, ni suti tatu na koti, na mbwa hayupo. Siku hizi mteja hapimwi kiuno kabla ya kuulizwa kama mbwa wake amechanjwa. Wawili wamehamia kwa fundi mwingine.

Mama anakusalimu, anasema upunguze kazi. Shangazi naye anakusalimu, na mpwa wako anauliza utamletea nini. Msalimie wifi yangu, na watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Nimetia picha ya kadi ndani ya bahasha hii, nami nataka niseme mwenyewe kabla hujaisoma tarehe. Siku ile ulipopiga simu kuuliza kama Meneja amechanjwa, nilikujibu, ameshachanjwa zamani. Haikuwa kweli. Mimi na shemeji yako tulikuwa tumekubaliana mwaka huu tuache, mbwa mwenyewe hatoki nje. Lakini uongo ule ulinisumbua usiku kucha. Asubuhi yake, siku za chanjo zikiwa bado hazijaisha kliniki, nikampeleka. Sikwenda kwa kuogopa kichaa, nilikwenda kwa kukuonea wewe aibu. Mwezi mmoja baadaye geti likaachwa wazi.

Nisamehe, mdogo wangu. Mbwa wako yu hai kwa sababu uliuliza. Usiache kuniuliza.

Mungu akulinde huko uliko, na sisi atulinde mpaka tuonane.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kuliko ninavyosema.