Zimwi Lililovaliwa Kinyume

3 Machi
Mpwa wangu,
U hali gani, na goti la mama yako linaendeleaje? Mimi mwili mzima, ila moyo unachemka. Jana nimeitazama sinema yako ukumbini. Mpwa, zimwi nililowashonea mmelivaa kinyume! Zipu niliyoificha mgongoni chini ya manyoya imekaa kifuani. Mkia mmeufanya mkonga. Miaka thelathini na minane nashona, na leo bwana harusi kaja kuchukua kitambaa chake: "Fundi, nisije nikaoa na mkia." Halafu umeandika kwa herufi kubwa kwamba nimeshona mimi! Lifute jina langu.
Mjomba wako

9 Machi
Shikamoo Mjomba,
Mama hajambo, goti linamsumbua kwenye ngazi tu. Nisamehe. Muuza nyama anayeigiza zimwi alichelewa kufunga bucha, jua linazama, tukamtumbukiza ndani ya vazi haraka haraka. Matundu ya macho yakabaki kisogoni, ndiyo maana akagonga ukuta na kuangukia beseni la rangi. Mimi nilitaka watu watetemeke. Wamecheka mpaka wakashika mbavu. Inaniuma. Lakini wanarudi mara ya pili, ya tatu! Jina siwezi kulifuta, nakala zimeshasambaa. Tunatengeneza ya pili. Utatushonea?
Mpwa wako

20 Machi
Mpwa wangu,
Mama yako alikande goti kwa maji moto. Wewe sikusamehe. Jumamosi nilikwenda ukumbini kuwaambia watu ukweli. Zimwi lilipotokea nikasimama: "Limevaliwa kinyume! Macho yapo nyuma!" Wakanipigia makofi, eti ni sehemu ya onyesho. Muuza tiketi kaniuliza kama nitakuja tena wiki ijayo. Nimefunga duka siku mbili kwa aibu. Usiniandikie mpaka uwaambie watu hadharani kosa ni la nani.
Mjomba wako

28 Aprili
Shikamoo Mjomba,
Hii barua ya tatu, hujajibu hata moja. U mzima kweli? Nakala za mitaani siziwezi, lakini ya ukumbini nimeirekebisha. Inaanza hivi: "Zimwi limevaliwa kinyume. Kosa ni la mpwa. Fundi hana lawama." Ukumbi mzima unasoma kwa sauti, na wakifika kwenye "mpwa" wananizomea. Sasa hata sokoni naitwa Kinyume. Umeridhika? Nimechoka, Mjomba. Nijibu basi.
Mpwa wako

11 Mei
Kinyume, mpwa wangu,
Pole na kuzomewa, umeonja. Mimi sijambo, na duka liko wazi. Bwana harusi amerudisha kitambaa, kaomba radhi.
Ndani ya furushi hili kuna zimwi la pili. Nimetarizi kwa uzi mwekundu: MBELE, NYUMA. Matundu ya macho niliyaweka pande zote mbili, maana nawajua. Kisha nikawaza: muuza nyama akiona, si ataukwepa ukuta? Nikakaa nalo siku nzima, nimekasirika, nacheka peke yangu.
Nimeyaziba yote. Tafuteni beseni kubwa zaidi, na jina langu liache palepale.
Mjomba wako