Mke Wangu Anakariri Kosa Langu

Mshauri mpendwa, leo ni Alhamisi tarehe 13, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi tarehe 22, maana siku hiyo kamera itawekwa sebuleni kwangu na baada ya hapo ushauri hautanifaa tena.

Mimi ni mtunza stoo katika kiwanda cha magodoro, nina miaka hamsini na moja, mke wangu ni mkunga, na kwa kuwa kila karatasi inayopita mezani kwangu naiandika tarehe, kazini wananiita Bwana Tarehe, jina ambalo silichukii. Nyumbani nina shajara ninayoiandika tangu nilipomaliza kidato cha nne na hakuna mtu aliyewahi kuisoma. Usidhani nyumba yangu ina ugomvi, tunaishi vizuri, tunacheka, na wiki hizi za karibuni ni kati ya wiki nzuri kabisa nilizowahi kuziandika.

Ilianza tarehe 2 mwezi uliopita, mpwa wangu, binti wa dada yangu anayesomea filamu, alipokuja na muswada wa mradi wake wa mwisho, kurasa arobaini, familia inahama kwa treni wakati wa mafuriko, watu ishirini na sita bila kuhesabu mbuzi, na mwalimu wake alikuwa ameandika juu kwa kalamu nyekundu: dakika kumi, chumba kimoja, watu wawili, kamera ya chuo mnapewa siku moja. Akaniambia, "Mjomba, wewe ndiye unayejua kupanga vitu vingi kwenye chumba kidogo," nikakubali, tukakaa jioni tano tunakata. Mafuriko yakawa ndoo inayopokea matone ya paa, treni ikabaki mlio tu, mbuzi tukamsamehe, watu wote wakaondoka isipokuwa mume na mke, na mke anasubiri barua ya kumwita kazini mji mwingine, lakini tulipofika hapo hadithi ikakwama, kwa sababu watu wawili wanaosubiri barua chumbani hawana la kufanya, nami bila kufikiri sana nikasema, "Barua imeshafika. Iko kwenye koti la mume."

Mpwa wangu alipiga meza kwa furaha. Hakujua, na hadi leo hajui, kwamba hilo sikulibuni.

Miaka kumi na moja iliyopita mke wangu aliomba masomo ya juu ya ukunga katika mji wa mbali, na barua ya kumkubali ilifika kwenye sanduku la posta la kiwandani, kwa kuwa ndilo tulilokuwa tukitumia, tarehe 4 Machi, nikaandika kwenye shajara, "Barua ya mke wangu imefika. Nitampa kesho." Tarehe 5 nikaandika, "Nitampa kesho," tarehe 6 vivyo hivyo, hadi tarehe 15 nilipompa nikamwambia imefika asubuhi ile, na mwisho wa kuthibitisha nafasi ulikuwa tarehe 12. Hakulia, alisema tu, "Posta hawa," nami nikaitikia, "Posta hawa." Alikwenda miaka miwili baadaye, akasoma, akarudi, leo ni mkuu wa wodi ya wazazi, na jambo lolote likichelewa nyumbani, hata fundi bomba, yeye husema, "Huyu naye kama posta," na mimi hucheka pamoja naye.

Sasa, mwigizaji aliyepangwa kuwa mke alipata kazi kwingine, mpwa wangu hana uwezo wa kumtafuta wa kulipwa, akamwomba anti yake, na mke wangu alikubali kabla hajamaliza kuombwa. Mume anaigizwa na mkutubi wa chuo. Wiki mbili wanafanya mazoezi sebuleni, mke wangu anakariri huku anapiga pasi, sijamwona hivi kwa muda mrefu. Juzi alimsimamisha mkutubi katikati akamwambia, "Kaka, unaificha hiyo barua kama mwizi wa vijiko. Mume anayeficha kitu hatazami mlango. Anauliza kama chakula kiko tayari." Wote wakacheka, mimi nikajifanya naangalia ndoo.

Jana tukiwa wawili akaziweka karatasi chini akaniuliza, "Mzee wangu, hii umeiandika wewe. Huyu mwanamume alikuwa anaogopa nini? Nashindwa kumkasirikia vizuri kwa sababu sijui." Nikamwambia ni hadithi tu. Akanitazama kidogo, akaendelea kukunja nguo.

Asubuhi nimefungua shajara ya mwaka ule nikitafuta jibu, halimo, siku zote hizo zinasema kesho. Ukweli ni kwamba niliogopa atazoea watu wenye vyeti, na akirudi atanikuta kwenye stoo ileile nahesabu magodoro yaleyale, na hatakuwa na sababu ya kuniheshimu. Hilo sijawahi kuliandika kabla ya leo.

Nimepanga njia mbili. Ya kwanza, nibadilishe muswada ili kosa liwe la posta kweli, ingawa mpwa wangu anasema filamu itakuwa imekufa na mwalimu atampunguzia alama. Ya pili, ninyamaze, waigize, mambo yapite. Nichague ipi?

Bwana Tarehe

JIBU

Bwana Tarehe,

Njia zako zote mbili zinakurudisha hapo ulipo. Hakuna ya kuchagua.

Nimefurahi kusoma juu ya nyumba yenu, na kwa sababu hiyo nitakugombeza bila wasiwasi. Ulimficha mkeo jambo miaka kumi na moja, kisha ukaliandika kwa mwandiko safi ukaacha akabidhiwe ili alikariri. Ulikuwa na treni, mafuriko na mbuzi, ukachagua koti lako mwenyewe. Mtu wa namna hiyo hatunzi siri. Amechoka nayo, anatafuta mahali pa kuitua.

Usijifariji kwamba yaliisha vizuri. Ile miaka miwili ilikuwa ya mkeo, na aliiishi akiamini ni bahati mbaya. Tena ukawasingizia watu. Nina shemeji anayefanya kazi posta, na kwa niaba yake nadai hilo nalo ulitaje.

Hukuniuliza kama mkeo anajua, lakini nimeona unavyozunguka swali hilo. Mwanamke aliyemfundisha mkutubi jinsi mume anavyoulizia chakula huenda anajua yote. Huenda pia ni mkunga tu, aliyezoea kusoma nyuso za watu. Usibahatishe. Ukienda kwake ukidhani anajua, utaongea nusunusu, na kama hajui utamuumiza mara mbili.

Yeye alikuuliza swali moja. Jibu ulikuwa nalo, ukaja kunipa mimi ambaye sikukuuliza wala hatujaoana.

Gazeti hili utalisoma Jumatano. Mwambie mpwa wako Alhamisi hakuna mazoezi. Mkeo akishatoka kazini, akala, akapumzika, kaa naye. Shajara iache ilipo, maana utaanza kumsomea tarehe na kujificha nyuma yake. Anza hivi: "Barua yako ilifika mapema, mimi ndiye niliyeificha." Kisha mwambie ulichoogopa, kama ulivyoniambia, na stoo na magodoro yake. Usithubutu kusema, "Lakini mwishowe ulikwenda." Hayo atasema mwenyewe akitaka. Na usilie mapema ili aache uchungu wake aanze kukubembeleza wewe.

Muswada usiuguse. Ni mzuri, na huyo binti hana kosa lolote.

Kuigiza au kutoigiza ni uamuzi wa mkeo peke yake. Akikataa, wewe ndiye utakayempigia simu mpwa wako, useme kosa ni la mjomba, na wewe ndiye utakayezunguka kutafuta mke mwingine wa filamu kabla ya Jumamosi, hata kama itabidi uwapigie magoti wenzako wa kiwandani. Akikubali, usikimbilie chumba cha nyuma kamera ikiwashwa. Simama kando ya huyo binti, mahali ambapo mkeo atakuona vizuri wakati anamkasirikia yule mume.