Uso wa Wangeci Haukutoka

Jumatatu, 5 Julai 1999
Baridi. Ukungu haujaondoka Nyeri tangu asubuhi. Nimeshinda Mweiga, ufunguzi wa tangi la kupozea maziwa. Mwenyekiti wa ushirika amehutubu mpaka watu wakaanza kuondoka na mikebe yao.

Nimepiga na hii kamera mpya ya gazeti, isiyotumia filamu. Inajilenga yenyewe. Unabonyeza kidogo, inalia tii, maana yake imempata mtu. Unamalizia. Kadi ya picha nimempa dereva wa gari la magazeti, akashuka nayo Nairobi.

Jioni Otieno, mhariri wa picha, amepiga simu hapa studioni kwangu. Kwenye picha, mwenyekiti hana uso. Mikebe iliyokuwa nyuma yake inasomeka hadi majina ya wenyewe. Si mara ya kwanza. Ameniuliza umri wangu, kwa upole. Nimesema hamsini iko karibu. Akaniambia nipumzike. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 7 Julai
Nimeenda kwa daktari wa macho. Amesema mbali naona vizuri. Karibu naona vibaya, nitafute miwani ya kusomea. Nimetoka bila jibu.

Kioo kilicho mgongoni mwa kamera ni kidogo kama kisanduku cha kiberiti. Humo kila mtu ni mzuri. Ubaya unaonekana Nairobi tu, kwenye kompyuta yao kubwa. Kwa hivyo napiga, nafurahi, halafu naambiwa. Nimechoka kuambiwa. Hii kazi nimeifanya tangu binti yangu akiwa mgongoni.

Nimejaribu kulenga kwa mkono. Ndani ya tundu lake la kuchungulia kuna giza, na sasa siamini ninachokiona. Nani mgonjwa, mimi au hii mashine? Nataka kujua tu. Hata kama ni mimi.

Ijumaa, 9 Julai
Naro Moru. Mpagazi mmoja, Muriithi, amepotea mlimani. Aliachana na kundi lake kwenye theluji, akirudi kutafuta mzigo ulioanguka. Wenzake wameshuka bila yeye. Askari wa mbuga wanamtafuta.

Mkewe anaitwa Wangeci. Amekaa kwenye geti la mbuga, juu ya gunia, shuka kichwani. Wanawake wa kanisa wamemletea uji, hanywi. Nimemwomba ruhusa ya kumpiga picha. Amesema nipige, labda mtu aliyemwona mumewe ataona gazeti aje aseme. Sikumweleza kwamba huko juu hakuna wa kusoma gazeti.

Mlima hauonekani kabisa. Weupe tu, kama mtu ametundika shuka. Miguu yangu imekufa ganzi na mimi niko chini hapa, na soksi mbili.

Jumamosi, 10 Julai
Amepatikana. Yu hai.

Wamemshusha kwa machela, amefunikwa turubai. Nilidhani ni maiti. Kila mtu alidhani. Kisha mkono ukatoka. Wangeci aliangusha kikombe akakimbia. Alimwangukia mumewe mpaka askari wakashindwa kubeba, wakaiweka machela chini kwenye matope. Alimshika uso kwa mikono yote miwili. Alikuwa akimgombeza na kumshukuru Mungu kwa pumzi hiyo hiyo.

Nilikuwa karibu. Hakukuwa na mwandishi mwingine. Kamera ikalia tii, tii, tii. Nilipiga huku nalia. Kwenye kioo kidogo ni picha ambayo sijawahi kuipata maishani. Kadi imeondoka na gari. Nimelala mchana kama mtoto.

Jumapili, 11 Julai
Sikwenda kanisani. Otieno alipiga kabla sijavaa viatu.

Miti iliyo nyuma ya geti, safi. Vifungo vya askari wa nyuma, safi. Wangeci na Muriithi ni moshi. Zote. Ameziangalia moja moja, akitumaini. Hata hakukasirika.

Halafu akasema nirudi niwaombe warudie. Shuka ile ile, wakumbatiane tena. Nikamwambia Muriithi amelazwa hapa hospitali ya Nyeri. Akasema basi hata kitandani, mradi ni leo au kesho. Nikasema sawa. Sijui kwa nini nilisema sawa.

Najichukia leo. Chai imepoa mbele yangu.

Jumatatu, 12 Julai
Nimeenda. Nilibeba kamera mpya, na ile yangu ya zamani ya filamu pia, bila kujua kwa nini.

Muriithi ameketi kitandani, midomo imepasuka, miguu imefungwa bandeji kubwa. Vidole viwili huenda vikakatwa. Wangeci alikuwa anammenyea ndizi. Nilizunguka sana na maneno. Mwishowe nikasema picha za getini hazikutoka, ofisi inaomba wafanye tena vile.

Wangeci aliweka ndizi chini. "Nilie tena?"

Nikasema si lazima kulia.

"Sasa nitamkumbatia namna gani na si kulia? Mama, ile ilitoka yenyewe. Siwezi kuitafuta."

Nikamwambia ni kweli, nisamehe. Nikaanza kukusanya mkoba. Ndipo Muriithi akaongea. Sauti yake ni ya kukwaruza.

"Hiyo picha haiko kabisa?"

"Haiko."

"Mimi sikumbuki kitu hapo kwa geti," akasema. "Nakumbuka mawe, halafu hii wodi. Watu wote wananiambia ati mke wako alifanya hivi na hivi. Nilikuwa nangoja gazeti nione."

Kumbe aliyeikosa hiyo picha ni yeye. Si Otieno, si mimi. Ningetaka sakafu ya wodi inimeze.

Wangeci alimtazama. "Kwani hujui?" Akaanza kumweleza. Kwanza polepole, akiwaonea aibu wagonjwa wengine. Kikombe kilivyoanguka. Turubai. Mkono. Akasimama kumwonyesha alivyokimbia. Alipofika mahali pa uso, mikono yake ilikuwa hewani, hajui aipeleke wapi, na Muriithi alikuwa ameinua kichwa akimsikiliza kama mtu anayesikia habari za mtu mwingine mwenye bahati.

Nilitoa ile kamera ya zamani. Nikawauliza kwa macho tu. Muriithi akaitikia kwa kichwa. Nilizungusha lenzi kwa mkono, sikuwa na hakika, nikapiga.

Jumanne, 13 Julai
Nimepanga viazi juu ya ukuta mfupi wa nyuma ya studio, kimoja nyuma ya kingine, mstari mmoja kuja kwangu. Cha katikati nimekichora msalaba. Nimeweka kamera mpya kwenye miguu yake mitatu, ikajilenga kwenye msalaba, ikalia tii. Nimerudia mpaka jirani akauliza kama ninauza. Kadi nimeituma.

Otieno amepiga simu akicheka, kisha akaacha kucheka. Kiazi chenye msalaba kimefifia. Cha nyuma yake ndicho safi, kila mara. Mashine inamlenga mtu na kushika aliye nyuma yake. Amesema si macho yangu. Amesema pole. Mpiga picha wao wa Nakuru, mwenye kamera kama hii, pia amekuwa akilalamika, na yeye walimwambia ni uzee.

Nilidhani nitafurahi. Nimeosha viazi nikavipika.

Alhamisi, 15 Julai
Kamera imerudi Nairobi kwa fundi. Nimesafisha filamu mwenyewe chumba cha giza. Ya Wangeci imetoka. Mikono yake imefifia kwa sababu ilikuwa ikienda, na pembeni kuna chupa ya dripu ambayo sikuiona. Uso wake upo. Uso wa Muriithi pia.

Nimemsomea Otieno maelezo ya picha kwa simu. Amesema habari imepita, ukurasa umejaa mambo mengine. Nilijua. Sikubishana.

Jumamosi, 17 Julai
Nimepeleka picha wodini. Manyunyu, matope mpaka mlangoni.

Wangeci ameiona kwanza. Amelalamika kwamba hakuchana nywele. Muriithi ameishika karibu na dirisha, kwa muda mrefu. Kidole kimoja wameshakikata, cha pili wanangojea.

Akauliza, "Hivi ndivyo ulifanya?"

"Hivyo kidogo," Wangeci akasema. "Pale getini ilikuwa zaidi."

Muriithi ameisogeza tena dirishani. Ameendelea kuitazama. Chai ya wodi ikaletwa, Wangeci akanipa kikombe chake, yeye akanywa kwa kifuniko cha chupa ya chai. Nimekaa nao mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha.