Jibu Yangu Juu ya Ukuta ya Nyuma

Bruxelles, Koekelberg, mwezi wa tisa

Mama Ngoie, bibi yangu,

Pokea salamu ya bwana yako, na ujue ni yeye mwenyewe anaandika. Mukono huu ni wangu. Mutoto wetu Ngoie alitaka aandike yeye kwa mashini, mimi niseme tu. Nikakataa. Niliacha masomo darasa ya tatu, kweli, lakini padri mwenyewe alisemaga herufi zangu zinasimama vizuri kupita za wale waliofika ya sita. Unakumbuka.

Uko namna gani? Mugongo inakuachia ulale? Ile kikohozi ya vumbi imeisha? Na mama yako, anakula? Mimi niko muzima. Goti ya kuume wameitengeneza, ya kushoto wameiwekea siku mwezi wa kumi na moja, njo maana siwezi kufika huko mbele ya mvua kuanza, hata nikilia. Mengine yote ni nguvu. Daktari wa huku Jette alinisikiliza kifua akashangaa. Aliniambia, "Papa, hii moyo ni ya kijana." Nikamujibu, "Ni ya maçon, fundi wa kujenga." Akacheka sana.

Bon. Najua unangoja kitu kimoja tu: mudogo wangu Kabwe abomoe ukuta ya nyuma ya nyumba yetu, ao asibomoe. Jibu iko ndani ya barua hii. Lakini usirukie chini kuitafuta. Soma polepole, soma peke yako, mulango ukiwa umefungwa. Sikutaka kusema kwa simu, kwa sababu ninyi simu munaiwekaga sauti kubwa, na nusu ya mutaa wetu wa Katuba inanisikia hata nikipiga chafya.

Tangu siku ile Kabwe aliniambia, "Yaya, mukono yangu mzima inaingia mu ufa," sikai. Nilimutukana, ulisikia. Nilimwambia yeye ni mwanafunzi wangu, nilimuonyesha mimi kushika mwiko, aondoke mbele ya ukuta yangu. Nilipokata simu, nikavaa viatu nikaenda mpaka ku basilika, nikarudi, nikaenda tena. Siku moja nilienda mara ine. Ngoie alikuwa kwa dirisha ananihesabu. "Papa, utachimba barabara ya wenyewe," ananiambia.

Alors yeye akaenda kuniandikisha mu safari ya wazee wa parokia. Siku saba mu Italia, na bisi, kutembelea miji ya zamani, na gidi wa kutuonyesha na kutuelezea. Sikutaka.

"Mimi niende kuangalia nyumba za watu," nikamwambia, "na yangu inapasuka?"

"Papa, si ulisema haipasuke?"

Mutoto huyu ni wako kabisa. Nikaenda.

Mu bisi waliniweka na Papa Bahati, muntu wa Bukavu, miaka yote aliosha wagonjwa ku hospitali, sasa anapumzika. Ni muntu muzuri lakini redio haimushinde kusema. Siku moja na nusu ya njia, alisema, mimi nikaangalia dirisha. Kila nyumba iliyopita niliiangalia chini, pale inakutana na udongo.

Muji ya kwanza ni Florence. Gidi wetu ni mama mumoja mwembamba wa kulekule Italia, Kifaransa yake inaimba. Anabeba fimbo yenye kitambaa ya njano, na kila muntu anapewa kidude ya kuweka kwa sikio, donc hata ukibaki nyuma unamusikia tu ndani ya kichwa. Akatuingiza mu kanisa moja, Mama Ngoie, dari yake ni ya mviringo kama chungu kilichopinduliwa, na kubwa sijui nikuambie nini. Akasema juu kule ni matofali, na wale maçon waliijenga bila kuweka miti chini ya kuishika. Wazungu wote wakafanya "oooh." Mimi sikufanya "oooh." Mimi nilifikiri udongo. Matofali yote hii, kichuguu yake ilikuwa kubwa namna gani? Na iko wapi? Nikainua mukono, nikauliza kichuguu kwa Kifaransa.

"Madame, la termitière iko wapi?"

Akasimama. "Des termites, monsieur? Hapa? Umeziona wapi?"

"Njo ninakuuliza wewe!"

Uso yake ikakuwa nyeupe kupita ile iliyokuwa. Akakimbia kuita mulinzi. Mulinzi akakuja na tochi, akapiga magoti, akaanza kumulika viti vya mbao, kimoja kimoja. Wamama wa Kibelgiji wakainua sakoshi zao toka chini. Papa Bahati alicheka mpaka kidude ikamutoka kwa sikio.

"Papa Ngoie, utafungisha kanisa ya watu!"

"Mimi niliuliza udongo, sikuuliza wadudu!"

"Eleza basi! Hawa matofali yao haitokee kwa muchwa. Wanachimba tu chini, ku muto."

Nikashangaa kweli. Nikamueleza gidi kwamba kwetu Katanga, tofali ya maana inatoka kwa kichuguu. Muchwa anautafuna udongo, anautemea mate, anaupandisha juu, anausafisha kupita mashini. Wewe unaukata, unaukanyaga na maji, unaumwaga mu kalibu, unauchoma siku tatu, na ukigonga tofali mbili zinalia kama kengele. Alisikiliza mpaka mwisho. Akanishika mukono mbele ya wote, akasema miaka yote ya kazi hajasikia kitu kama hii. Toka siku ile akaniita maître, fundi mukubwa. Wengine waliniita Monsieur Termite, lakini ni wivu.

Kesho yake, Siena. Kule kuna kiwanja moja katikati ya muji, chini yote ni matofali, imeinama kama sahani, na watu wanakaa chini, wengine wanalala, kama mu nyumba yao. Gidi akatupa saa moja ya kupumzika. Sikuweza kukaa. Nilizunguka ile kiwanja yote na hii goti mupya, nikiangalia miguu ya nyumba. Hakuna ufa. Mahali kuna ufa, wameweka alama na kipande ya kioo, ikipasuka wajue ukuta inatembea. Mimi nilijua hiyo ufundi, lakini sikufanyaga hivyo kwetu. Sikutaka kujua.

Papa Bahati alikuwa amekaa chini, analamba barafu ya maziwa. "Gidi anaonyesha munara, wewe unaangalia viatu ya nyumba. Umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu."

"Muntu asiyepoteza kitu anakaa chini na anakula."

"Kula wewe."

Usiku ile ku hoteli alisema ninageuka-geuka kama samaki mu sufuria, akahamisha kitanda yake.

Sasa fika Bologna, ndio muji ya mwisho. Muji yote ni nyekundu, Mama Ngoie, matofali tupu, mpaka nilisikia harufu ya tanuru, na hakuna tanuru. Katikati kuna minara mbili ya matofali, moja ndefu, moja fupi. Ile fupi imeinama. Si kidogo. Imeinama kama mulevi anayetafuta mulango. Wameizungushia uzio, watu wasipite. Gidi akasema zamani sana ilikuwa ndefu, wenyewe wakaikata kichwa kwa sababu ya uoga. Kisha akanigeukia.

"Maître, wewe ni fundi. Waelezee wenzako. Kwa nini imeinama?"

Watu makumi tatu wananiangalia. Unanijua, sikataagi kusema. Nikaenda mbele, nikaweka mukono kwa kiuno, nikasema Kifaransa yangu yote. Nikasema, angalieni, matofali ni nzuri. Mukono ya maçon ni nzuri, kila mustari umenyooka. Musitukane maçon kwa matofali. Ubaya iko chini. Udongo ya chini ilikuwa laini, haikuwa imekaa, na yeye alijenga juu yake kwa haraka.

Gidi akasema, "Bravo! Ni hivyo kabisa." Wakapiga makofi.

Mama mumoja muzee wa Kibelgiji, mwenye fimbo, akauliza, "Na huyu maçon, monsieur, alijua?"

Nilifungua kinywa. Mama Ngoie, maneno ilikuwa tayari, ilikuwa maneno ya kumutetea. Haikutoka. Nikaegemea uzio. Papa Bahati akafikiri ni goti, akanishika mukono. "Papa Ngoie? Sauti imekufa?"

Nikamujibu yule mama: "Alijua. Maçon anajua siku ileile."

Kisha nikaenda kukaa mu bisi.

Basi na wewe ujue. Unakumbuka mwaka tulijenga, kichuguu ile kubwa ilikuwa nyuma ya parcelle, ile kiwanja ya nyumba yetu. Tuliikata yote, tukachoma matofali, na udongo ikapungua. Nikaendelea kuchimba kwenda chini, mpaka ikakuwa shimo, mimi mwenyewe nikiwa ndani hamukuniona. Ile shimo niliijaza majivu ya tanuru, matofali ya kuvunjika, na takataka ya kila aina. Nilipaswa kuiacha majira moja mzima ya mvua ikae, ao nishushe fondation, ule musingi, mpaka kwa udongo ya nguvu. Nilijua. Lakini nilikuwa nimemwambia baba yako, mbele ya wajomba zako wote, kwamba utalala chini ya mabati mbele ya mvua ya kwanza. Alicheka ile kicheko yake. Donc niliweka ukuta ya nyuma juu ya shimo, na fondation ya kufika kwa magoti tu. Kabwe hakuwa hapo, alikuwa Kolwezi. Hakuna muntu aliona. Na ulilala chini ya mabati mbele ya mvua, baba yako akakuja akapiga ukuta kwa kofi akasema, "Huyu ni mwanaume." Ukuta ileile.

Ufa ya kwanza ilionekana Ngoie akiwa bado anatambaa. Wewe ukienda ku soko, mimi ninaipaka simenti na chokaa. Ulisemaga, bwana yangu anapenda nyumba ikuwe safi. Mara ngapi sijui. Miaka yote hii umelaza kichwa upande ya ukuta ile, na mimi ninalala upande ya mulango.

Njo maana nilikupigia simu toka Bologna, nikakuambia ulale mu salon, pale wageni wanakaaga. Ulicheka, ukauliza kama Wazungu wameniroga, na nikasikia wengine nyuma yako wanacheka. Uliuliza sababu, nikasema sababu ni kwamba nimesema. Sasa sababu umeisoma. Kama ulirudi mu chumba, toka leo. Toa kitanda, toa kabati, funga mulango, na watoto wa jirani wasiende kuchezea nyuma. Barua hii inabebwa na mama mumoja wa parokia, anasafiri Jumamosi. Ninahesabu siku kama mufungwa.

Jibu yangu ni hii. Kabwe abomoe. Abomoe yote ya nyuma, mbele ya mvua, asingoje goti yangu. Asijenge tena pale pale kama hajachimba. Achimbe mpaka chuma ya jembe igonge kitu kigumu, na akifikiri amefika, achimbe tena urefu ya mukono. Matofali ya juu asitupe, ni nzuri, ayasafishe, ayatumie. Na ukuta tatu zingine asiguse! Zile niko na uhakika nazo. Akizisukuma kwa bega, bega njo itavunjika. Umwambie hivyo hivyo.

Kumwambia sababu, ninakuachia. Ukitaka umusomee barua, umusomee. Nilisema mbele ya watu kwamba ana wivu na nyumba yangu. Alisema kweli, na mimi niliijua kweli ile miaka mingi mbele yake.

Unisalimie mama yako, mukwe wangu, umwambie sijasahau namna alinibebea maji ya kukanyagia udongo. Salamu kwa mwana wetu Mwamba wa Likasi, akuje kusaidia baba yake mudogo kubeba, asilete udhuru ya kazi. Salamu kwa dada yangu mukubwa, apunguze chumvi. Salamu kwa mujukuu wetu aliyekuwa anapoteza meno. Ngoie na bwana yake wanakusalimia, wako wazima, wanakula vizuri.

Na Kabwe, mudogo wangu. Umuandae kidogo mbele ya kuchimba. Ile mwaka alikuwa Kolwezi, aliniachia kinga yake, ile baiskeli nyekundu, ya kwanza aliyonunua kwa mushahara wake. Nilimwambia iliibiwa ku soko. Niliipakia matofali, ikapinda katikati, nikaogopa, na shimo ilikuwa wazi. Iko huko chini, upande ya kushoto. Akiikuta, akae chini apumue, kisha aende kumusalimia fundi wa redio wa pale kwa kona, kwa sababu mpaka leo Kabwe anamwangalia yeye kama mwizi wa ile baiskeli.

Mimi bwana yako,

Ilunga, baba ya Ngoie, maçon