Nyasi za Mgeni Anayekuja

Tabora,
Mvua za kwanza

Mdogo wangu Leonsi,

Marahaba kwa shikamoo uliyoniletea kwa mdomo wa mwanao Deusi. Natumaini kifua chako kimepata nafuu, na shemeji amerudi salama kutoka kwa binti yenu kule Kanoni. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yanayolalamika, hasa asubuhi. Senene wamefika. Niliwafungua nikiwa peke yangu ili nisigawe, lakini harufu ikanisaliti. Jirani zangu wa hapa, ambao senene hawawajui, walisimama mlangoni wakinitazama ninavyotafuna kana kwamba nimechanganyikiwa.

Deusi alikaa nami siku chache. Ni kijana mzuri, na hamu yake ya kujenga vibanda vya wageni pale ziwani naipenda. Alinichorea vibanda vyote mavumbini kwa kijiti. "Wageni wa siku hizi wanapenda kuamka wanaona maji, baba mkubwa," akasema. Kisha kijiti kikafika kwenye ile pembe ya ufukweni anapokaa Daforoza. Hapo ndipo anapotaka kibanda kikubwa. Daforoza ahamishiwe juu, kwenye barabara ya Nkwenda, na ile miti ya milamula iliyojipanga kando ya nyumba yake ing'olewe kwa kuwa inaziba ziwa.

"Unadhani milamula ile iliota yenyewe?" nikamuuliza.

"Si ua tu wa zamani?"

"Nani kakwambia ni ua?"

"Hakuna aliyeniambia chochote, baba mkubwa. Ndiyo maana nimekuja."

Hapo alinishinda. Wewe ulikuwa mgongoni mwa mama mambo hayo yalipotokea, nami vita vya sabini na nane vilinitoa huko Deusi angali mdogo. Nilimsimulia, na sasa nakuandikia wewe.

Baba alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi, wengi wao wabeba kahawa. Upepo wa mchana ukichafua ziwa hapakuwa na safari, na waliokwama walilala kwetu. Tatizo lilikuwa baba mwenyewe: alikoroma hadi mbuzi wakashtuka. Wageni waliamka na macho mekundu, wakashukuru kwa adabu, wakaenda zao. Wakati huo Mama Veronika, aliyekuwa ametolewa kwao Rwanda na njaa, bintiye Daforoza akiwa mchanga, alilima nasi kahawa na kulala jikoni. Baada ya mavuno alikata matete na mafunjo, akajenga msonge mdogo karibu na maji. Baba akauzunguka, akaugusa huku na huku.

"Mama, nyumba hii inaishinda yangu. Wageni wataacha kunisalimia."

"Watakusalimia, mzee. Wakishapata usingizi."

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Hicho ndicho kibanda cha kwanza cha wageni kwenye ufukwe ule. Hakuna aliyetozwa kitu. Sharti lilikuwa la Mama Veronika: anayeondoka akate mzigo wa nyasi mbichi, atandike sakafuni kwa ajili ya anayekuja. Hata karani mmoja wa serikali alikata, akinung'unikia viatu vyake njia nzima.

Ndipo baba akampa mama yule pembe ile. Aliita majirani, akatoa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na mbele ya macho yao akapanda milamula kuonyesha mpaka. Mimi nilishika miche, yeye akafukia. Unajua kwetu: mlamula ukishapandwa mbele ya watu, ubishi umekwisha. Walioinywa rubisi ile wamekufa wote. Nimebaki mimi.

"Lakini Daforoza hana hata karatasi," Deusi akasema.

"Ana milamula."

Akaugonga mchoro wake kwa kijiti. "Na wageni wataonaje ziwa?"

"Watatembea mpaka majini. Wana miguu."

Leonsi, hapa Tabora naishi kwenye kiwanja nilichopewa na mzee wa Kinyamwezi, aliyenionyesha mwisho wake kwa kunyoosha mkono tu. Amekwisha kufa, na wanawe hawajausogeza. Sipendi sisi tuwe wadogo kuliko wao.

Basi, kwa kuwa mlitaka neno la mkubwa, ni hili: vibanda vijengwe, nimeridhia, lakini vyote vikae upande wetu wa milamula. Daforoza asihamishwe. Nenda ukamsomee barua hii leo hii, maana sidhani kama amelala vizuri tangu Deusi alipopita kwake na kamba ya kupimia.

Nisalimie shemeji, na dada yetu wa Kamuli, na katekista wetu wa zamani. Msalimie pia mtani wangu fundi baiskeli wa Nkwenda. Najua atasema nilishakufa.

Nikijaliwa kuja, msinipangie kibanda kipya. Nitaomba kulala kwa Daforoza, akikubali. Asubuhi ya kuondoka mnitafutie mundu wenye makali. Magoti haya, kwa hilo, yatainama.

Ni mimi, mkubwa wako wa tumbo moja,
Protazi