Kinyonga Chini ya Taa ya Vifaranga

Burungu, Jumanne jioni

Wewe uliyefungua daftari hili, nakusihi, usimwambie mtu hata neno moja. Hapa watu wanaogopa kinyonga kama uchawi, na mimi, karani wa ofisi, ninamfuga mmoja chumbani. Mama mwenye nyumba akijua, atanifukuza.

Leo nimemkuta ameungua mgongoni. Kwa kuogopa baridi ya milima hii nilimtundikia taa ya kulea vifaranga ndani ya kizimba chake, chini kabisa, kama tunavyofanya wote tunaofuga kuku. Lakini kifaranga hukimbia joto likizidi. Kinyonga wangu alipanda hadi kwenye waya wa taa, akatulia pale akiungua.

Nilimpigia simu dada Furaha, veterineri, daktari wa wanyama, aliye Walikale.

"Kaka, unafuga ao unachoma brochette za nyama?"

Sikuweza kucheka. Akapunguza sauti. "Weka taa inje ya kizimba, juu. Tia mukono pale anapofikaka. Kama unaungua, naye ataungua. Na ile ampuli ya taa haina miale ya UVB kama ya jua. Umutoe asubuhi kwenye jua lenyewe, hapana nyuma ya kioo, na kivuli kikuwe karibu. Bila ile, mifupa italegea, atakufa."

Jua lenyewe. Uani, mbele ya majirani wote.

Ukinitafuta kesho asubuhi, usipige hodi mlangoni. Zunguka nyuma ya jiko. Nitakuwa nimeketi pale juani, naye mkononi.